Jina la Mtoto wa Navoneiwa

Haya, sogeeni, na wewe unayesinzia njoo ukae hapa mbele nikuone. Hii si hadithi ya kulalia. Mwisho wake sina mimi, mnao nyie, na kila mmoja atanijibu kwa kinywa chake.

Huko milima ya Upare, katika kijiji cha Mwezamo ambako watu hulima tangawizi, waliishi wanawake watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Bibi Nakunda alipewa masikio. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, akawa anasuka vikapu kwa kupapasa, lakini ukipita njiani ukakohoa tu, atakuita jina, tena atakuuliza mbona leo umevaa viatu vya mumeo.

Tumsifu, wakala wa kutuma na kutoa pesa, alipewa moyo mgumu. Kibanda chake kilikuwa pale sokoni, na alilokataa limekataliwa. Hata mwenyekiti wa kijiji alishawahi kugonga pale dirishani akitaka akopeshwe salio, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wa tatu, Eliwaza, alipewa miguu. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya tangawizi kutoka mashambani mpaka barabarani. Zamani wanaume walikuwa wakishindana naye, siku hizi wameacha, wanasema magoti yanauma.

Na alikuwepo Mama Navo, mwenye hadithi yake. Alikuwa mjane wa watoto wawili. Wa kwanza Navoneiwa, ambaye mwaka huo alirudi kwa mama yake kujifungua kwa sababu mumewe alikuwa kazini mbali. Wa pili Mbonea, kidato cha pili, analala bweni kwenye shule iliyo ng'ambo ya bonde. Mimba ya Navoneiwa ilikuwa na taabu. Nesi wa zahanati hakumficha mama mtu: "Mama Navo, uchungu ukianza msijaribu kumzalisha hapa. Mtoto amekaa vibaya. Mpelekeni hospitali ya wilaya mara moja, atapasuliwa."

Sasa hospitali ya wilaya iko chini kabisa, tambarare, na Mwezamo hakuna mwenye gari. Gari linaitwa kwa simu, na dereva hapandi ule mlima mpaka atumiwe kwanza hela ya mafuta. Kwa hiyo Mama Navo aliuza tangawizi yake yote, akauza hata ile ya mbegu. Hela akaifunga kwenye pindo la khanga, akawa anatembea nayo na kulala nayo. Uhai wa Navoneiwa ulikuwa ndani ya pindo lile. Hakuwa na nyingine, wala hakuwa na mtu wa kumkopa.

Kosa lake lilikuwa moja tu, tena la mtu mwenye upendo. Mama Navo alikuwa mpenzi wa salamu za redio. Kila Jumapili alipiga simu redioni, sauti imejaa kicheko: "Namsalimu mwanangu Mbonea, kidato cha pili," na shule akaitaja. "Namsalimu binti yangu Navoneiwa anayesubiri siku yake. Na atakayependa kunisalimu, namba yangu ni hii hapa." Ndivyo walivyo watu wa salamu. Wanaitana ndugu bila kuonana, na anayetaja namba yake hewani huonekana muungwana. Hakuwaza kwamba redio inasikilizwa na kila mtu, wema na wabaya.

Tangu hapo simu yake ikakosa adabu. Mara sauti ya msichana iliyorekodiwa inampongeza kwa kushinda bahati nasibu ambayo hakuicheza. Mara ujumbe unakuja, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mara mtu anamtishia kuwa laini itafungwa asipotaja namba ya siri. Mama Navo hakuwa mjinga. Alizikata zote, na nyingine alizichamba kwanza ndipo akazikata. "Hiyo zawadi mpelekee mama yako aliyekuzaa!" Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Lakini asubuhi moja, siku ya gulio, akiwa sokoni anachagua dagaa, simu iliita tena. Ile simu spika yake ya sikioni ilikuwa imekufa, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo aliloambiwa yeye waliambiwa wote waliokuwa karibu.

"Naongea na mama mzazi wa Mbonea?"

"Ndiye mimi."

"Mama, jikaze. Mimi ni mwalimu wa zamu. Mwanao ameanguka bwenini, amegonga kichwa, damu inavujia ndani. Hapa tuko hospitali. Daktari yuko tayari kumpasua, ila dawa ya usingizi imekwisha, inabidi inunuliwe nje. Nakutajia namba, utume sasa hivi. Usikate simu, mama. Chaji yangu inaisha, ukikata hutanipata tena."

Dagaa wakamwagika. Mama Navo aliishika simu kwa mikono miwili. Na huko kwao mleta habari mbaya hahojiwi: anakaribishwa, anapewa maji, anashukuriwa, maswali yanakuja baada ya kilio. Basi hata kumuuliza mtu yule jina lake hakumuuliza. Alishika pindo la khanga, na mkono ukasita, maana alimkumbuka Navoneiwa. Kisha akajiambia kwamba Navoneiwa bado ana siku zake, na Mbonea anakufa sasa hivi. Akalifungua fundo kwa meno, akakimbilia kwa Tumsifu, akasukuma hela yote dirishani.

"Niwekee kwenye namba atakayotaja huyu mwalimu. Haraka, Tumsifu, mwanangu anakufa!"

Bibi Nakunda alikuwa amekaa pale kwenye kibaraza cha kibanda na kikapu chake. Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaipata simu, akaifunika kwa kiganja.

"Mama Navo, mwanangu, hebu subiri. Nyuma ya huyu mtu kuna mwanamume mwingine, naye anasema, 'Usikate simu, mama, chaji yangu inaisha.' Anamwambia mzazi mwingine. Na nyuma yake yupo wa tatu, naye anasema hayo hayo. Hiyo si hospitali. Hao ni matapeli, wamekaa chumba kimoja."

Watu waliinama, wakatega masikio. Hakuna aliyesikia kitu zaidi ya yule mwalimu na mikwaruzo ya simu.

"Bibi," Mama Navo alisema huku akilia, "na kama umesikia vibaya?"

Bibi Nakunda aliweka kikapu chini. Alijua kama amekosea, atakuwa amemuua mtoto wa mwenzake kwa mdomo wake, naye mwenyewe alishazika wanawe wanne na aliujua uzito wake. "Sikusikia vibaya," akasema.

Tumsifu alijaribu kupiga simu shuleni. Mtandao wa ng'ambo ya bonde ulikuwa umekatika tangu mvua za juzi, simu haikuita hata mara moja. Hapo ndipo akaichukua ile hela, akaitia kwenye saraka ya meza yake, akafunga kwa kufuli, na ufunguo akautia kifuani.

"Situmi," alisema. "Na kukurudishia sikurudishii, maana utakwenda kwa wakala mwingine."

"Tumsifu! Hela ni yangu!"

"Najua ni yako."

"Mwizi!" Mama Navo alipiga kelele, na neno hilo mnajua lina nini likitamkwa sokoni. Watu wakajaa. Mwingine akaokota jiwe kabla hata hajauliza kimetokea nini. Mama Navo akaupiga ule ubao wa dirisha kwa mikono miwili, akasema mbele ya wote, "Mwanangu akifa, damu yake iwe juu yako na juu ya uzao wako!" Tumsifu alikuwa ameolewa miaka mingi, na uzao hakuwa nao. Laana ile ilimfika. Aliikalia mikono yake miwili, lakini saraka hakufungua.

Eliwaza alikuwa barabarani na magunia yake. Lori la mnunuzi lilikuwa linapakia, na tangawizi ile ilikuwa jasho la msimu mzima, shamba lake mwenyewe safari hii, si kubeba ya watu. Alisikia kelele, akaja, akaelezwa. Alijifunga khanga kiunoni, akavua kandambili, akateremka bondeni mbio kuelekea shuleni. Daraja la magogo lilikuwa limesombwa na mvua zile zile, akavuka mto maji yakiwa kifuani, akapanda ng'ambo ya pili. Huku nyuma dereva wa lori alipiga honi, akamngoja kidogo, kisha akaondoka bila mzigo wake.

Kule sokoni yule wa kwenye simu alianza kukasirika. "Mama, unatuma au hutumi?" Alipoona kimya, akasema, "Basi, mtoto wako akifa usimlaumu mtu." Akaitaja namba ya kutumiwa hela, akakata. Mama Navo alianguka chini akaomboleza kama wanavyoombolezea maiti, akimtaja Mbonea kwa majina yake yote, na wanawake wakaanza kulia naye. Bibi Nakunda akamshika mkono, naye akautupa ule mkono. Muda ulikwenda. Jua lilipopanda, wanaume walisema inatosha, wakashika mlango wa kibanda kuubomoa, hela itolewe na itumwe. Bawaba moja ilikuwa imeshang'oka.

Ndipo Eliwaza alipotokea kwenye kona, amelowa mpaka nywele, miguu inatoka damu, amemshika Mbonea mkono. Hakutaka kurudi na maneno tu. Alijua mama aliyedanganywa kwa maneno hataamini maneno mengine. Alimpigia magoti mkuu wa shule mpaka akampa ruhusa ya mtoto. Na Mbonea alikuwa mzima, hana hata mchubuko, anashangaa tu kwa nini watu wanamlilia.

"Mama, kuna msiba wa nani?" aliuliza.

Mama Navo alimpapasa kichwa chote kama kipofu. Kisha akaenda dirishani kwa Tumsifu, akaiokota ile bawaba iliyong'oka, akaiweka mbele yake.

Mchana ule ule, kabla watu hawajatawanyika, Navoneiwa alishikwa na uchungu. Saraka ikafunguliwa, hela ya mafuta ikatumwa, gari likapanda. Akapasuliwa, akazaliwa mtoto wa kike, mama na mtoto wote hai. Daktari alimwambia Mama Navo kwamba wangechelewa kidogo, wangezika wawili.

Haya. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi yenu.

Huko kwao mtoto aliyeokolewa hupewa jina la aliyemwokoa. Jina ni moja, haligawanywi, na mwenye jina ndiye somo yake. Somo humpokea mtoto siku ya kumtoa nje kwa mara ya kwanza, humfunga shanga za kwanza, na siku somo akifa, mtoto yule ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini. Baba wa mtoto alipiga simu akasema, "Jina atoe Mama Navo. Machozi yalikuwa yake." Siku ya kumtoa mtoto nje wale wanawake watatu walikaa mkekani, na Mama Navo akasimama mbele yao na mjukuu mikononi.

Bibi Nakunda alisema, "Mimi sijivuni. Lakini nisingesikia, Tumsifu angefunga saraka kwa sababu gani, na Eliwaza angekimbilia nini? Mngetuma hela na kushukuru. Wanangu wamekwisha, na jina langu nitakufa nalo."

Tumsifu alisema, "Bibi alisikia, kweli, na hakuna aliyemwamini ila mimi. Eliwaza alikimbia, kweli, na angerudi akute hela imekwenda. Aliyeishika ni mimi. Ningekosea, leo ningekuwa muuaji. Na laana iliyosemwa juu ya uzao wangu bado haijafutwa. Nikipita sokoni, wapo wanaokaza mikoba yao."

Mama Navo aliinamisha uso. Aibu ilimuuma, maana ile laana ilitoka kinywani mwake.

Eliwaza aliguswa bega na mwenzake. "Nyie mlikuwa na yakini moyoni," alisema taratibu. "Bibi alisikia, na Tumsifu alimwamini. Mimi sikujua lolote. Nilikimbia nikidhani huenda nakwenda kuikuta maiti. Mlango ulikuwa unabomolewa, nisingefika hela ingetumwa. Tangawizi yangu imeoza barabarani na silalamiki. Jiulizeni tu kama mtoto huyu angekuwepo."

Mama Navo alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Alifikiri kumpa jina Bibi Nakunda kwa sababu hana siku nyingi, halafu akaona hiyo ni huruma, na jina si sadaka. Alifikiri kumpa Tumsifu ili aifute laana, halafu akaona atakuwa analipa deni lake kwa mtoto wa mwingine. Alifikiri kumpa Eliwaza kwa damu ya miguu yake, halafu akakumbuka kwamba na Tumsifu alikuwa karibu kumwagwa damu, tena kwa neno lake yeye Mama Navo. Navoneiwa, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mtoto amechoka. Sema jina."

Mikono sita ilikuwa imenyooshwa pale mkekani, na mtoto ni mmoja.

Mimi nimemaliza, siongezi neno. Anzeni nyie, tena aanze huyu aliyenyamaza pale pembeni: ungekuwa wewe ndiye Mama Navo, mtoto ungemweka mikononi mwa nani, na hao wawili waliobaki ungewaambia nini?