Chenso ya Uvunguni

Nilikuwepo, niliona yote kwa macho yangu haya. Tajiri Kihampa alimbwagia mjane Nyamizi chenso yake, ile mashine ya kukatia miti. "Nifichie uvunguni, watu wa misitu wanapita kukamata zisizo na kibali. Ukikataa, kuni za shambani kwangu usiguse tena!"

"Sawa, baba. Kesho njoo chai, uione ilivyofichika."

Kesho yake Kihampa hajamaliza kikombe, bwana misitu akapiga hodi. Nyamizi mwenyewe akaivuta chenso.

"Ya nani hii?"

"Ya huyu mama!" Kihampa akaropoka. "Anapasulia kuni zake."

"Utasaini ushahidi?"

"Hata mara mbili!"

Akasaini.

"Leo sikamati, naandikisha tu chenso kwa jina la mwenyewe," akasema bwana misitu. "Mama, kibali chako cha kuimiliki hiki, kama ulivyoomba uliponiita."

Kihampa akazimia. Basi, hapo kwenye kuzimia nimeongeza mimi.