Udhu wa Paa

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mdogo ukingoni mwa jangwa aliishi mjane mchaji aliyeitwa Unaisa. Mji ule haukuwa na mto wala kisima. Watu wake walikunywa maji ya mvua, yaliyoteremka kutoka paa la msikiti, yakapita katika mlizamu wa mawe na kuingia ndani ya birika kubwa lililochimbwa chini ya ua. Birika lile lilikuwa wakfu, na aliyelitunza alipewa chumba ubavuni mwa msikiti akae humo na watu wake. Mtunzaji alikuwa Mundhir, mumewe Unaisa. Alipofariki, binti yao Afra alikuwa hajaota hata jino. Watu wa mji wakasema, "Mama huyu na kichanga chake waende wapi? Na abaki, atunze yeye." Unaisa hakuusahau wema huo. Kila alipofagia ua aliwaombea dua, nyumba moja baada ya nyingine.

Mundhir alimwachia wasia wa mambo mawili. La kwanza lilihusu mvua inayofungua msimu. Mlizamu ulikuwa na kizibo cha mti, na kizibo kikiwa mahali pake, maji yalimwagika nje, njiani. "Acha paa litawadhe kwanza," marehemu alikuwa akimwambia. "Njiwa wamelala juu yake kiangazi chote. Maji yakianza kutoka meupe, ndipo uchomoe."

La pili lilikuwa kikombe. Kila alfajiri, watu wakitoka kuswali, mtunzaji alikunywa yeye kwanza mbele yao, kisha akasema, "Nimekunywa, na ninashuhudia kuwa ni salama." Hapo ndipo mitungi iliposhushwa vichwani. Hakuna aliyeyagusa maji kabla ya neno hilo, hata mtoto aliye na kiu.

Ukaja mwaka ambao mvua ilichelewa mno. Birika likabaki na tope. Watu wakawa wanachota maji ya chumvi katika chemchemi ya mbali, punda wakakonda, na midomo ya wazee ikapasuka. Hata hivyo mlango wa Unaisa haukukosa mgeni. Jirani yake, Bibi Hunaida, ndiye aliyempokea Afra siku ya kuzaliwa, na siku zote za eda alimletea uji asubuhi, akakaa naye mpaka aone chini ya bakuli. Sasa bibi yule alikuwa akijinyima maji ya kunywa ili wajukuu wapate, na akiulizwa husema, "Mimi nimeshakunywa ya kutosha katika maisha yangu."

Alasiri moja wingu likajikusanya, na mvua ikanyesha. Watu walikimbilia ua wa msikiti, wengine wakilia. Mlizamu ukaanza kutiririka, na maji yake yalikuwa na rangi ya udongo. Unaisa akasimama kando ya kizibo, asikiguse.

"Unaisa!" akapaza sauti Ghailan, mtengeneza matandiko ya ngamia. "Rehema ya Mola inamwagika njiani nawe umesimama kama nguzo!"

"Paa halijatawadha, kaka yangu."

"Maji haya yametoka mbinguni! Ni twahara kuliko mimi na wewe. Leo unataka kuyafundisha udhu?"

Watu wakacheka, kicheko kikavu cha wenye kiu. Kisha Bibi Hunaida akasogea, mjukuu mgongoni, akasema kwa upole, "Mwanangu, na ikikatika je? Tufungulie."

Hakutaja uji wala siku za eda. Lakini Unaisa alizikumbuka, na moyo wake ukayeyuka. Akachomoa kizibo. Maji yakaingia birikani yakiwa bado na rangi ile, na uwanja mzima ukapiga takbiri. Mvua ilikatika kabla ya magharibi. Birika lilikuwa limefika nusu.

Jioni ile watu walimiminika kwenye chumba cha Unaisa. Huyu alileta tende alizokuwa amezificha kwa ajili ya Ramadhani, yule alileta kitambaa cha kumfunikia mtoto. Ghailan naye alileta mkanda wa ngozi laini wa kumbebea Afra. Akasema huku anatazama chini, "Leo nimekufokea, dada yangu. Usiniwekee kinyongo." Unaisa alimshukuru kila mmoja. Lakini walipoondoka alitia tende kinywani, nayo ikakataa kushuka.

Alfajiri watu walijaa ua. Watoto walisukumwa mbele ili wapate kwanza. Unaisa akateka maji, akainua kikombe. Harufu ya kiota cha njiwa ikampanda puani, na juu ya maji akaona unyoya mdogo ukielea. Akatazama zile nyuso. Akisema neno, wote watakunywa, na Afra atanyonya alichokunywa mama yake. Asiposema, atawakatia watu maji waliyoyalilia, na huenda kesho yeye na mwanawe wasiwe na pa kulala.

"Kunywa basi, mama," Ghailan akatania kutoka nyuma. "Au unangoja tukuimbie?"

Unaisa akakiweka kikombe juu ya jiwe.

"Siwezi kushuhudia," akasema. "Jana nilifungua kabla paa halijatakata. Uchafu wa njiwa umo birikani. Msinywe, nawasihi, na msiwanyweshe watoto. Kosa ni langu."

Sauti zikapanda kila upande. "Tunywe nini sasa?" "Jana si ulipokea shukrani zetu?"

"Nilizipokea, na hazikunipita kooni." Akaingia chumbani, akarudi na tende, kitambaa na mkanda wa ngozi, akavipanga juu ya jiwe. Juu yavyo akaweka ufunguo wa chumba. "Hiki ni chumba cha anayelinda amana yenu. Mimi sikuilinda."

Bibi Hunaida akapenya katikati ya watu. Akauchukua ufunguo, akautia katika kiganja cha Unaisa na kukifumba kwa mikono yake miwili. "Mkono uliochomoa kizibo ulikuwa wako, mwanangu. Lakini ulimi uliokuomba ulikuwa wangu." Akageuka. "Na ulimi wa fundi Ghailan, mwenyewe anajua, ni mrefu kuliko wangu."

Hata waliokasirika walicheka. Sheikh Muhallab, imamu wa msikiti, akangoja kicheko kiishe, akasema, "Huyu amekataa kutudanganya kwa kikombe kimoja. Ni nani tutakayemwamini zaidi kwa birika zima? Na abaki. Maji haya ni ya wanyama na ya kukandia udongo. Ya kunywa tutayaacha yatulie, tuyachuje kwa kitambaa, tuyachemshe mpaka yatokote, katika sufuria ya karamu za Idi."

"Kuni ziko wapi, Sheikh?" mtu akauliza. "Jangwani hapa?"

Basi kila nyumba ikatoa ilichonacho. Palikuja mguu wa kitanda, mchi uliopasuka, matawi ya mwiba, samadi kavu ya ngamia. Ghailan akaja na mbao za matandiko aliyokuwa amekwisha kuyachonga. "Hizi nilitaka zipande juu ya ngamia zifike Sham," akasema akizitupa motoni. "Basi, zitaishia matumboni mwenu." Maji yalipotokota na kupoa, Unaisa alikunywa wa kwanza, akatoa ushahidi wake, na sauti yake haikutetemeka. Kwa idhini ya Mola, hapakuugua mtoto hata mmoja.

Wakaendelea hivyo, wakibeba kuni kwa zamu, hata birika lilipokauka wakashuka ndani na kulisugua kwa chokaa. Ndipo mvua ikarudi, nzito, ikiwa na radi. Watu wakakusanyika tena, kiu ikiwa ileile. Unaisa akasimama kando ya kizibo. Maji ya rangi ya udongo yakamwagika njiani, na safari hii hakuna aliyesema fungua.

"Bado!" akanguruma Ghailan, ndevu zikimchuruzika maji. "Bado halijaosha miguu!"

Bibi Hunaida alikinga kiganja chini ya mlizamu, akanusa, akatikisa kichwa. Akakinga tena. Watu walisubiri wameloa chapachapa, wakiyatazama maji yakienda zake. Hatimaye yakatoka meupe, na bibi akalamba kiganja chake, akacheka kama msichana.

"Sasa, mwanangu," akasema. "Fungua."

Enyi wapenzi, nasi tunapomshika mtoto na kumpa kikombe cha maji, tunamhimidi Mola aliyeyateremsha, na ndivyo ipasavyo. Lakini tumkumbuke pia yule aliyeyalinda njiani bila sisi kumwona. Mwenyezi Mungu hututeremshia maji yakiwa safi. Shukrani yetu ni kuyafikisha kwa jirani yakiwa safi vivyo hivyo, na tukishindwa, tuwe na ulimi wa kumwambia asinywe.