Gari Lililobeba Vipaza Sauti

Mwezi wa tatu mwaka 1993, gari jipya liliingia Bunda huku sauti ikilitangulia. Watu waliisikia tangu njia panda: "Toleo la mwaka ujao, wananchi! Gari la familia! Watu saba, viti vya ngozi, fowili, magurudumu yote manne yanavuta! Njooni mlione kabla wa Dar es Salaam hawajaliona!" Sokoni wauzaji waliacha mizani ikining'inia, wakakimbilia uwanjani. Tusiwacheke. Miaka kumi tu nyuma watu hao walikuwa wakipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kipande cha sabuni, na gari lilikuwa kitu cha kuombewa kibali mpaka mwombaji aote mvi. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa na gari lilikuwa likimfuata mnunuzi lenyewe. Nani angebaki nyumbani?

Miongoni mwa waliofika alikuwamo Felisian, mfanyabiashara wa Kibara aliyenunua sangara kisiwani Rukuba na kuwauza Musoma. Alikuwa amevaa suti yake ya kwendea harusini. Hakuja kushangaa, alikuja kununua. Binti yake Wegesa, aliyeolewa palepale Kibara, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba yake ya kwanza ilifikia siku zake katika masika ya mwaka juzi. Walimpakia kwenye trela la trekta ili wamwahishe hospitali ya Bunda, trekta likazama katikati ya njia, na mtoto akafia mlemle kwenye trela. Tangu siku hiyo Felisian aliapa kwamba binti yake hatazalia njiani tena.

Gari lilikuwa jeupe kama maziwa, lina vioo vyeusi na vyuma vinavyomeremeta. Mwenye kulinadi alikuwa kijana wa Mwanza aitwaye Wenceslaus, tai shingoni, na maneno yake yangemtoa nyoka pangoni.

"Mzee, haya yanaingia nchini mwezi ujao, tena machache," alimwambia Felisian. "Ukijaza fomu leo, la kwanza ni lako. Nimetoka nalo Musoma, nimepita Butiama, kila mtu analitaka."

"Na hao wanaolitaka wamejaza fomu?" aliuliza Boke, mkewe Felisian.

"Bado wanafikiria, mama."

Boke alikuwa mzaliwa wa Butiama, binti wa mfuga ng'ombe, na hakuwa mtu wa kupepesa maneno. Alimgeukia mumewe, ambaye tayari alikuwa ameshika kalamu.

"Baba Wegesa, ng'ombe wa jembe tulikuwaga tunamnunuaje?"

Felisian alijua jibu vizuri. Kwao hakuna aliyenunua ng'ombe wa kulimia kwa kutazama ngozi yake. Alifungwa nira, akalimishwa mistari mitatu katika shamba la mnunuzi, penye mawe na visiki vyake, ndipo bei ikatajwa. Felisian mwenyewe aliwahi kumrudisha dume mnono ajabu kwa sababu alilala chini kwenye mstari wa pili. Lakini mbele ya kijana mwenye tai, na mbele ya umati ule, aliona haya kuonekana mshamba.

"Hili si ng'ombe," alinong'ona. "Usitutie aibu mbele za watu."

"Aibu ya leo naiweza," Boke alijibu. "Ile ya trela sitaiweza tena."

Maneno hayo yalimchoma Felisian moyoni. Aliirudisha kalamu mezani, akaomba gari lipakiwe na kujaribiwa kwenye barabara ya Guta, ambako mvua ya jana yake ilikuwa imenyesha vya kutosha. Wenceslaus alipinga, akisema kwamba gari la maonyesho halibebi mizigo. Umati ukaanza kuguna. Alipoona kwamba mnunuzi wake wa pekee anaanza kumponyoka, akakubali shingo upande.

Wakapakia magunia mawili ya udaga, ile mihogo mikavu, na akina mama watano wa sokoni, kisha Wenceslaus akashika usukani na Boke akabanana na mumewe kiti cha mbele. Nyuma yao lilifuata gari jingine la msafara ule, la kijivu, toleo la zamani, mlango mmoja umebonyea. Hilo lilibeba jenereta, vipaza sauti, turubai na viti, na dereva wake alikuwa mtu mkimya aitwaye Mseti. Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amelitazama mara mbili. Hata vumbi halikufutwa.

Mwanzoni gari jipya lilikwenda kama linateleza, na Felisian alianza kumwangalia mkewe kwa jicho la ushindi. Kisha wakafika penye tope. Magurudumu yalizunguka mahali pamoja. Wenceslaus alibonyeza kitufe, taa ya kijani ikawaka, na gari likazama mpaka tumboni. Boke alishuka, akainama kutazama.

"Ya nyuma yanachimba. Ya mbele yamelala," alisema.

Wenceslaus alijifuta jasho kwa tai. "Kwa kweli, mama, hili ni la mjini. Lenye fowili ni mpaka uliagize."

Mseti aliingiza gia. Alipita pembeni, katika tope lilelile, na mzigo wake wote mgongoni, magurudumu yote manne yakivuta. Akafunga kamba, akalitoa gari jipya taratibu kama mtu amvutaye ndama. Felisian, suti yake ikiwa imelowa tope hadi magotini, alilikazia macho gari la kijivu.

"Na hili mnauza?"

"Hilo haliuzwi, mzee," alisema Wenceslaus. "La kubebea vyombo tu."

"Limekupa shida gani?" Felisian alimuuliza Mseti.

"Mwaka wa tatu huu, mzee. Tarime naendaga nalo, Serengeti naendaga nalo. Halijanilaza njiani."

"Basi mwambieni mwenyewe kwamba mimi nataka hili."

Simu ilipigwa Mwanza, na baada ya siku mbili mwenye mali akaridhia. Vipaza sauti vikahamishiwa kwenye gari jipya, nalo likarudi kwao kimyakimya.

Mwezi uliofuata, Jumapili baada ya ibada, uchungu ulimshika Wegesa. Mvua ilikuwa haijakata tangu Ijumaa. Felisian aliendesha, Boke akampakata binti yao nyuma. Walipofika pale trekta lilipozama, Wegesa alifumba macho. Felisian aliukaza usukani, akakanyaga mafuta. Gari liliingia topeni, likanguruma, likayumba, likatoka.

"Tumepita, baba?"

"Tumepita, mama."

Saa tisa alasiri, katika hospitali ya Bunda, Wegesa alijifungua mtoto wa kike mwenye afya na kelele nyingi. Felisian alilia barazani bila kumficha mtu.

Kabla mtoto hajatimiza wiki, watu watatu wa Kibara walifika nyumbani kwa Felisian, kila mmoja kwa wakati wake, wakiuliza ni wapi wangepata gari kama lile la kijivu. Hakuna aliyekuwa amewatangazia. Boke aliwakaribisha uji, akamtazama mumewe, na Felisian akakubali mwenyewe kwa kinywa chake: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.