Supu ya Ijumaa

Kisa hiki nilikisikia kwanza kwa Bibi Kolumba, mama mzaa mama yangu, alipokuja kunitunza baada ya mimi kujifungua mtoto wangu wa pili. Alasiri moja alinikuta nyuma ya nyumba, nikimwaga mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye mgomba. Mtori ule aliuleta jirani yetu, Mama Yasinta. Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Mlutheri, na hatukuwa tumezoeana. Alikuwa ameniletea siku tatu mfululizo. Kila siku nilipokea, nikashukuru, nikaenda kumwaga. Sikujua anataka nini kwangu.

Bibi hakunigombeza. Aliwaita watoto waliokuwa wakicheza uani, akaketi kwenye kigoda mahali ambapo nami ningemsikia, akaanza.

"Mpo?"

"Tupo, Bibi!"

"Basi sogeeni. Huko nyuma, nyuma kabisa, barabara ilipokuwa bado haijajua kupanda mlima huu, watu wa huku walikuwa watu wa mfereji mmoja. Walichimba pamoja, wakanywa pamoja, wakagombana pamoja. Kisha wakaja Wazungu. Wa kwanza wakajenga kanisa chini ya mfereji. Wa pili wakajenga juu ya mfereji. Wote wana Yesu, wote wana msalaba, lakini hawasalimiani! Mnajua kwa nini?"

"Hatujui!"

"Hata watu wa mfereji hawakujua. Waliambiwa tu kwamba huko Ulaya, miaka mamia iliyopita, mtawa mmoja aliwaambia wakubwa wa kanisa kwamba wamekosea. Wakubwa wakamfukuza. Waliomfuata wakaitwa Waprotestanti, waliobaki ndio Wakatoliki. Wakapigana, wakachomeana nyumba. Basi ugomvi huo wakaupakia melini pamoja na kengele zao, wakaja kuutua kwetu.

"Katekista wa juu akasema, 'Hao Walutheri wa chini wamemfukuza Mama wa Yesu.' Mwinjilisti wa chini akasema, 'Hao Wakatoliki wa juu wana maji ya baraka. Yakikugusa mdomo tu, umekuwa wao.' Watu wakasikia. Watu wakaanza kuchunguliana vikombe.

"Sasa walikuwapo dada wawili, tumbo moja. Mkubwa, Aikande, aliolewa chini. Mdogo, Leokadia, aliolewa juu. Leokadia akajifungua, akapoteza damu nyingi. Hana nguvu, hana maziwa, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Aikande akasikia kilio kile ng'ambo ya mfereji. Akachinja mbuzi, akapika supu ya mzazi, yenye mafuta, yenye majani machungu. Akajitwika chungu, akavuka.

"Langoni kasimama nani? Mama mkwe, Perpetua. Mwanamke wa kusimama akajaza lango!

"'Umebeba nini?'

"'Supu, mama. Ya mdogo wangu.'

"'Supu ya nini?'

"'Ya mbuzi.'

"'Leo siku gani?'

"'Ijumaa.'

"'Ahaa! Ijumaa sisi hatuli nyama. Wewe hujui hilo? Au mwinjilisti wenu ndiye aliyekuchagulia siku?'

"Jamani, Aikande alikuwa hajui! Kwao Ijumaa ni siku kama Jumanne. Akasema, 'Mama, mtu anakufa humo ndani.'

"'Mgonjwa anaruhusiwa,' akasema Perpetua, 'Padre alishatuambia. Lakini kwanza onja.'

"Hiyo ndiyo desturi yetu, wajukuu. Anayeleta ndiye anayeonja kwanza, ili mwenye kupewa ajue hakuna sumu. Perpetua akaingia ndani, akatoa kata ya kibuyu. Na ile kata, mnajua ilikuwa imetundikwa wapi? Mlangoni, pembeni ya chupa ya maji ya baraka! Aikande aliiona. Na ile kata ilikuwa imelowa, ina matone.

"Akaishika. Akaitazama. Akatazama matone. Mkono ukasita.

"Mkono tu, wajukuu! Ulisita kama mtu anavyohesabu moja, mbili. Perpetua akapiga yowe: 'Anaogopa supu yake mwenyewe!' Akapiga chungu teke, pwaa! Supu yote chini. Mbwa wakala karamu, mzazi akalala njaa."

"Perpetua mbaya!" akasema binti yangu, Nsia.

"Mbaya? Alikuwa anamlinda mkwe wake. Na Aikande alikuwa anailinda dini yake. Kila mmoja alimwona mwenzake ndiye nyoka. Aliyekuwa anakufa hakuulizwa.

"Aikande akarudi kwake analia. Usiku mtoto akalia. Alfajiri Aikande akasikiliza, akasikiliza. Kimya. Kile kimya ndicho kilichomwinua! Akawasha moto, akapika mapaja yaliyobaki, akavuka mbio.

"'Nipe kata,' akasema langoni.

"'Ipi?'

"'Ile ile. Na uichovye kwenye maji yenu ukitaka.'

"Akateka, akanywa mpaka mwisho, akajifuta mdomo. 'Haya, mama. Kama nimekuwa Mkatoliki, nimekuwa. Sasa nipishe.'

"Perpetua akamtazama hivi, jicho moja limefumbwa. 'Kunywa na ya pili,' akasema, 'ya kwanza pengine umeificha shavuni!'

"Akanywa na ya pili. Ndipo akapishwa."

"Na mtoto, Bibi?" akauliza Nsia. "Alikufa?"

"Nani kakupikia ndizi mchana wa leo?"

"Wewe."

"Basi. Mama yangu Leokadia alikunywa supu ile siku nane, maziwa yakarudi. Na msidhani wale wawili walipendana! Mpaka uzeeni Perpetua alimwonjesha Aikande kila kitu, na Aikande alifumba macho kila alipokunywa. Lakini alikunywa.

"Ninachowaambia ni hiki: mtu akikuletea chakula, na moyo wako una shaka, iseme shaka yako mbele yake. Usimwage. Ukimwaga hutajua kamwe alileta nini. Kisa changu kimefika kwao, kimevua viatu, na mimi nanyamaza."

Hakunitazama hata mara moja. Alinyanyuka, akaenda kuchambua mboga.

Kesho yake asubuhi Mama Yasinta alibisha, na chupa yake ya mtori mkononi. Nilimkaribisha ndani kwa mara ya kwanza, nikaweka vikombe viwili mezani. Alimimina, akanyoosha mkono ili aonje kwanza. Nilikiwahi kikombe kabla hajakigusa, nikanywa mpaka chini. Kisha nikamwambia juu ya ule mgomba.