Kinywa cha Nyumba ya Bondeni

Mtu mmoja alikuwa na shamba zuri bondeni, lakini maji ya shamba hilo hayakuwa yake. Yalitoka kwenye chemchemi ya watu wa mlimani, yakashuka kwa mfereji mrefu hadi kwenye migomba na mahindi yake, na kila nyumba ilikuwa na siku zake za zamu. Mtu huyo alijua kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo alimwita Eliamini, mtoto wake wa tatu, aliyekuwa mpole wa maneno kuliko nduguze, akamtuma akaishi mlimani. Hakumtuma kulinda maji, maana mgeni halindi maji ya mwenyeji. Alimtuma awe kinywa cha nyumba yao huko, na sikio lake.

Eliamini alikwenda. Wenyeji walimpa kibanda pembeni mwa kijiji. Alijifunza lugha yao hata akaweza kutaniana nao, lakini ndoto zake ziliendelea kuwa za bondeni, na asubuhi hakuwa na wa kumsimulia. Palipokuwa na msiba alishika jembe akachimba kaburi pamoja nao, asije mtu akasema nyumba ya bondeni haikufika. Palipokuwa na harusi alikaa alipowekwa, akala alichopewa, akashukuru. Kila siku ya soko baba yake alimpelekea neno kwa wachuuzi wa ndizi, naye akarudisha neno, bila kulitia chumvi. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na ilimmaliza.

Kisha baba akafa. Habari zilimfikia Eliamini siku ya tatu, kaburi limekwisha kufukiwa. Watu wa mlimani walikuja kibandani wakampa pole, wakamlilia mtu ambaye hawakumjua, kwa nyimbo zao. Walipoondoka alibaki peke yake, akamlilia baba yake kwa lugha ya nyumbani, na hapakuwa na wa kumwitikia. Upweke wa namna hiyo hauponywi na wema wa wenyeji.

Bondeni, Tumsifu, kaka yao mkubwa, akashika nyumba. Maji yalikuwa yakifika, na kinachofika kila siku hakimshangazi mtu. Maneno kutoka nyumbani yakakatika. Siku za soko Eliamini alisimama njiani akiwauliza wachuuzi kama ametumiwa lolote, nao wakatikisa kichwa. Nduguze walicheka wakisema mwenzao amepata pa kulia vya bure. Hawakumchukia. Walimsahau, na hilo lilimuuma zaidi.

Mwaka wa tatu tangu baba afe, mvua zikakosekana. Nyumba moja ya upande wa mashariki ikapanda mlimani na mbuzi wawili, ikaomba ipewe zamu yote ya nyumba ya bondeni. Eliamini alituma habari kwa nduguze mara mbili: njooni, au nipeni la kusema. Hawakujibu. Alipotuma mara ya tatu, Tumsifu alimjibu kwamba awaambie watu wa mlimani hivi: wakifunga mfereji, sisi tutapanda na mapanga.

Kutwa nzima Eliamini alikaa na neno hilo kama mtu aliyewekewa kaa la moto kiganjani. Akilifikisha lilivyo, damu itamwagika, na yake itakuwa ya kwanza. Akilificha, atakuwa amewadanganya wenyeji waliomwamini na ndugu waliomtuma. Jioni aliitwa barazani. Mzee Kiangi, mkuu wa mfereji, alimwuliza nyumbani kwao wanasemaje.

"Wanasema watakuja na mapanga, mzee," alijibu, "lakini kilichowashikisha mapanga ni kiu."

Mzee Kiangi aliwageukia wenzake. Waliokaa pale walikuwa ndio wale waliochimba naye makaburi ya wazazi wao, na hakuna aliyesimama kumtukana. Kesho yake wakakata shauri: katika siku tatu za nyumba ya bondeni, moja wapewe watu wa mashariki mpaka mvua zirudi, na mbili zibaki kwa nyumba ya bondeni.

Eliamini aliteremka kuipeleka habari hiyo mwenyewe, moyo ukiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe. Tumsifu alisikia siku moja tu, ile iliyopotea. Nduguze wakamwambia amewauza kwa wale anaokula nao. Siku ambayo damu haikumwagika hawakuiona, kwa sababu siku kama hiyo hufanana na siku nyingine zote. Mke wa Tumsifu, aliyeolewa Eliamini akiwa mlimani, alitoka ndani na kiti cha wageni, akakipangusa vumbi kwa kanga yake, akamkaribisha kwa heshima. Eliamini alikikalia, katika nyumba aliyozaliwa. Alikunywa maji aliyopewa, akashukuru, akaomba ruhusa ya kuondoka, akaupanda mlima tena, maana zile siku mbili zilihitaji mtu wa kuzisemea.

Ndugu zangu, nchi nayo ni nyumba ya bondeni, na ina wana wake inaowatuma wakaishi kwa wenyewe na kusema kwa niaba yake. Je, yule aliyekaa ugenini ili wewe ukae kwako kwa amani, siku akirudi, utamtolea kiti cha nani?