Jina la Binti wa Nyamizi

Hapo zamani, wala si zamani ya kupotea, Tabora palikuwa na mwanamke aitwaye Nyamizi, mke wa Lugembe. Miaka ikapita, mtoto hakuna. Ndugu za mume wakasema, "Lugembe, oa mwingine." Mama yao, Bibi Holo, akasimama mlangoni.

"Atakayeleta mke wa pili nyumba hii, aanze kunizika mimi."

Wanawe wakamsusa. Yule wa kwanza akaacha hata kumwamkia.

Nyamizi akaenda hospitali, akachomwa sindano za homoni ili mayai yake yakomae. Hayakukomaa. Dozi ikaongezwa, hayakukomaa. Ikaongezwa tena, akavimba uso, na mayai hayakukomaa.

Ndipo Daktari Mbuke, mtafiti wa uzazi, akasema, "Acheni kuongeza dozi. Homoni inafika, ila seli zinazolizunguka yai haziitikii. Yai si abiria wa kubebwa tu. Hutoa vichocheo vya ukuaji, na hivyo ndivyo vinavyoziandaa seli kuipokea homoni. Mayai yako, Nyamizi, yako kimya."

"Sasa nifanyeje, Daktari?"

"Tupate mayai ya mwingine, yenye kusema. Tuyaweke maabara pamoja na yako, yayasemee."

Wakubwa wa daktari kazini wakamwonya, "Hili likiharibika, kazi huna." Akaendelea.

Kabula, mdogo wake Nyamizi, akajitolea mayai yake. Sindano zikamlaza, tumbo likajaa maji. Ovari moja, kiungo kinachotunza mayai, ikajisokota, ikabidi apasuliwe itolewe. Mayai yake yakaishia maabara. Hata moja halikupata kuwa mtoto. Lakini ya Nyamizi, yaliyolazwa kando ya yale ya Kabula, yakaitikia homoni, yakakomaa. Moja likarutubishwa, likapandikizwa, na Nyamizi akazaa binti.

Siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina, Lugembe akasema, "Mke wangu, jina ni moja. Alitoe nani?"

Bibi Holo akasema, "Mimi. Nisingeziba mlango, Nyamizi angekuwa amerudi kwao siku nyingi, na hospitali asingefika. Aitwe kwa jina la marehemu mama yangu."

Daktari Mbuke akasema, "Bibi, samahani. Homoni zilikuwepo, subira ilikuwepo, na bado mtoto hakuna. Kilichokosekana nilikijua mimi. Sina mtoto wangu. Jina hili ndilo pekee nitakaloliomba duniani."

Kabula akaweka mkono tumboni, penye kovu. "Daktari, ulijua yai husema. Lakini ni mayai ya nani yaliyosema? Bibi Holo, wewe ulinyimwa salamu. Mimi nilipasuliwa. Mtoto huyu hakutoka kwenye yai langu, dada. Nipe basi hata jina."

Nyamizi akamtazama mama mkwe, akamtazama daktari, akamtazama mdogo wake.

Wenzangu mliotega masikio, Lugembe bado anangoja, na mtoto hajaitwa. Mngekuwa nyinyi kizingitini pale mngesemaje? Je, nani alistahili kumpa jina?