Kijana Yuko Kwenye Maji

Haya, kaeni. Mwenye usingizi aumalize sasa hivi, maana mfano wa leo sitaurudia. Mimi shule niliiacha mapema, hilo mtaa mzima unalijua, na kuna mzee mmoja hapa kila Jumapili ananitazama kama anayesubiri nikosee. Mzee wangu, leo utasubiri sana. Kwa mambo ya vitabu vinene wapo wenye vyeti vyao. Kwa mifano, nitafutieni mwenzangu. Nipo, nasubiri.

Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa na binti. Binti huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole wa kutazama, ila akisema amesema. Baba alikuwa amemsomesha kwa jasho: ng'ombe waliuzwa, shamba la kando ya mto likauzwa, hata redio ikaenda. Kwa hiyo akajiapiza mbele ya ndugu zake wote, "Atakayemchukua mwanangu lazima awe mtu."

Awe mtu! Mmesikia hiyo? Kwani hao wengine wanaopita barabarani ni nini, mihogo?

Siku moja ikaja posa. Mshenga akaingia na wenzake wawili, mzee wa kofia, mwenye maneno yaliyopakwa sukari. Akaweka barua juu ya meza, imefungwa ndani ya kitambaa cheupe, kama ilivyo desturi. Upande wa pili amekaa baba, na pembeni yake shangazi wa binti, yule mnayemjua, maana kila ukoo anaye. Ikaletwa chai ya rangi, kavu, haina hata kipande cha muhogo. Ndiyo, chai ya kupimana.

Baba akauliza swali lake. Barua hajaigusa, hajui hata ndani imeandikwa nini, kauliza kwanza, "Huyo kijana anafanya kazi gani?"

Mshenga akapangusa midomo. "Mzee, kijana yuko kwenye maji."

Sasa wengine tusaidiane. Sisi mtu akiwa na kazi ya maana hatuisemi kazi, tunasema mahali. Yuko benki. Yuko bandari. Yuko maji. Ukisikia "yuko maji" umeshamwona: ofisi, feni inazunguka, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na akikasirika anaweza kukata bomba la mtaa mzima.

Baba akakaa sawa. Shangazi akakohoa kidogo, na kile kikohozi kilikuwa na maana, kwa sababu punde si punde zikaja soda. Zikafuata sambusa. Za nyama! Nawaambia ile chai ya rangi iliondolewa mezani kama vile haijawahi kuwepo.

"Basi tumepata mkwe," baba akasema, tabasamu limefika masikioni. "Tena mwambie aanze kazi mapema. Huku kwetu bomba linakohoa tu, maji hatuyaoni."

Mshenga akaishika sambusa, akairudisha. "Mzee, hayo siyo maji yake."

"Siyo yake kivipi? Yeye ana maji gani?"

"Yale… ambayo yameshatumika."

"Yametumika wapi?"

Mshenga akatazama dari. Dari haikumsaidia. "Chooni, mzee."

Kanisa, baba akaweka glasi chini! Unasikia soda inavyochemka kwenye glasi.

"Unataka kuniambia," baba akasema polepole, "umeniletea mnyonya vyoo?"

"Ni maji taka, mzee. Ana gari lake, lenye tangi na mpira mrefu. Anaitwa, anakuja, ananyonya, anaondoka. Kazi halali."

Shangazi tayari alikuwa amevuta kanga kaziba pua. Anaziba nini? Kijana mwenyewe hayupo! Ilikuwepo barua tu, na barua ilikuwa imepuliziwa marashi.

"Chukua kitambaa chako," baba akasema. "Mimi sikuuza ng'ombe ili mwanangu aende kufua ovaroli la kinyesi."

Mshenga akaichukua barua jinsi alivyoileta, haijafunguliwa, akatoka na wenzake. Sambusa zikabaki. Shangazi akazila.

Jioni yake binti akaingia sebuleni. Alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amelia na amemaliza.

"Baba, mimi yule ndiye ninayemtaka."

"Yule wa kunuka?"

"Baba, watu wanaoga."

"Atanuka hata akioga!"

"Miaka mitatu nazungumza naye. Mama alipougua, ni nani aliyekuwa anakuja na gari la kuazima usiku na mchana kumpeleka hospitali na kumrudisha? Ulisema 'yule dereva'. Ukamshukuru hata. Ndiye huyo."

Baba akageuza uso. Akasema neno ambalo wababa wengi humu ndani mmeshalisema, msinikatalie: "Nitakuwa nawaambia watu nini?"

Mwezi haujaisha, ikaja posa ya pili. Mara hii mshenga hakuhitaji sukari. "Kijana anafanya wapi?" Jibu: "Ofisini, mzee. Serikalini." Baba hakuuliza ofisi gani. Hakuuliza ofisini anafanya nini, kwani hata chura anaweza kukaa ofisini. Kijana alipokuja kujitambulisha alikuwa amefunga tai, na tai ikajibu maswali yote. Jumapili hiyo, siku ya mapumziko, kitambulisho kipo shingoni! Shangazi akapiga vigelegele kabla hata ya kuambiwa. Mahari ikatajwa, ikakubaliwa. Binti akasema hataki. Baba akasema utazoea. Mnaona hapo? Maisha ya mtu yanafungwa hivyo, kwa fundo la tai.

Lakini mahari ikawa haiji. Ikaja robo, ikapumzika. Baba akiuliza, kijana wa tai anajibu kwa heshima, "Mshahara bado, baba." Mwezi ukapita, "Kuna makato, baba." Mpaka baba akamwita nyumbani, akamkalisha, akamwambia, "Mwanangu, wewe ni mtu mkubwa. Mbona jambo dogo hili linakushinda?"

Kijana wa tai akainamisha kichwa. Sasa mimi huyu kijana simcheki, na nyie msimcheke, maana alifanya kitu ambacho wenye tai wengi hawakiwezi. Alisema ukweli.

"Baba, mimi ni karani. Nakaa kwenye kibanda getini, pale kwenye mabwawa yanapomwagwa maji taka. Kila gari linaloingia naliandika. Harufu ya pale naijua kuliko ninavyoijua ya mama yangu. Hii tai naivaa nikitoka."

Shangazi, mkono ukaenda kwenye kanga, ukasita njiani. Hakujua sasa azibe au asizibe.

"Halafu kuna jamaa mmoja," kijana akaendelea. "Ana magari mawili sasa. Mimi ndiye ninayeyaandika, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya. Mshahara wangu wa mwezi, yeye kufika Jumatano ameupata. Nimemwomba kazi, baba. Amenikubalia, nianze kwa kushika mpira. Mahari nitaimaliza kwa pesa hiyo, ukinipa muda."

Baba akauliza jamaa mwenyewe yukoje. Kijana akamweleza: mrefu, mkimya, ana kovu kwenye kidevu. Ndiye. Yule dereva, yule yule wa barua ya marashi.

Sasa tulieni, hapa ndipo utamu.

Usiku ule baba hakulala. Asubuhi akafanya jambo ambalo ukoo wao haukuwahi kuliona: upande wa binti ukamtafuta mshenga! Tangu lini mwenye kuku akamkimbilia mnunuzi? Yule wa tai akarudishiwa robo yake na kuambiwa kwamba, kwa bahati mbaya, koo zimegundulika kuwa na undugu wa mbali. Mshenga wa kofia akaombwa radhi, akapewa na kanzu mpya. Na kijana wa maji taka akaitwa aje mwenyewe, hata leo, hata hivyo alivyo.

Akaja hivyo alivyo. Alikuwa kazini, akapitia njiani, ovaroli mwilini, buti akaziacha mlangoni. Baba akampokea barazani kwa mikono miwili. "Karibu, bosi! Karibu, mkwe! Usikae kwenye kigoda, kaa kwenye kochi!"

"Mzee, nguo zangu chafu."

"Chafu wapi? Kaa!"

Na shangazi akasema, nisamehewe lakini alisema, "Tena hata hanuki!"

Mnacheka? Chekeni. Chekeni vizuri, mshibe.

Baba akamwita binti. "Mwanangu, furahi. Nimemkubali."

Binti akaja, akasimama. Kijana aliyemtaka amekaa pale. Neno alilolililia limesemwa na baba yake mwenyewe. Ungekuwa wewe si ungeruka? Yeye akauliza tu, "Umemkubali nani, baba?"

"Huyu hapa! Huyu wako!"

"Anaitwa nani?"

Baba akafungua mdomo. Akamtazama shangazi. Shangazi akatazama kucha zake.

Hawamjui! Barua ilikuwa na jina, hawakuifungua. Waliuliza kazi, wakamfukuza. Waliuliza kipato, wakamwita. Alimbeba mgonjwa wao, wakamwita dereva. Walimkataa wakamwita mnyonya vyoo, walimtaka wakamwita bosi. Mlango ule ameupita mara zote hizo za kumbeba mgonjwa, na hakuna mdomo hata mmoja uliomwita kwa jina alilopewa na mama yake.

Binti akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "Baba, hujamkubali huyu. Umekubali magari mawili. Siku magari yakiharibika, mimi nitakuwa mke wa nani?"

Kijana akainuka pale kwenye kochi. Hakukasirika. Akasema, "Mzee, mimi nampenda binti yako, na nitamwoa ukiniruhusu. Lakini siku uliyonikataa, angalau nilijua kinachokataliwa ni kazi yangu. Leo unanikaribisha, na sijui anayekaribishwa ni nani."

Baba akakaa chini. Siyo kwenye kiti, kwenye mkeka. Kisha akasema, na lilikuwa swali ambalo angepaswa kuliuliza siku ya chai ya rangi, "Mwanangu, wewe unaitwa nani? Na wazazi wako ni akina nani? Nisimulie."

Kijana akaketi pale pale mkekani, akamwambia. Walizungumza mpaka chai ikapoa, na harusi ilifungwa msimu wa mavuno.

Mfano umeisha. Sasa tuje kwetu.

Nawajua. Kuna mtu hapa ameshaondoka na somo lake mfukoni: kumbe maji taka yanalipa! Kesho anatafuta gari. Ndugu yangu, hilo siyo somo, hilo ni tangazo la biashara. Ni kweli, riziki haivai sare. Kuna muuza supu anayesomesha watoto chuo, na kuna mwenye suti anayekopa nauli. Hilo ni kweli na ni zuri kulijua. Lakini ukiishia hapo umefanya alichofanya baba yule: umeacha kusujudia tai, ukaenda kusujudia pochi. Umehama chumba, nyumba ni ile ile.

Maana nawauliza: je, kama kijana yule angekuwa hapati kitu? Gari moja, bovu, linalolala gereji? Angekuwa amestahili ile kanga puani? Yule mama anayefagia soko, ambaye hana siri yoyote ya pesa, hana nyumba aliyoficha, ni masikini kama anavyoonekana: huyu tunamsubirisha mpaka lini? Mpaka naye agundulike ana magari? Na yule wa kibanda getini, aliyesema ukweli wake akarudishiwa robo, nani kati yetu amemsikitikia? Alikuwa na heshima ya kutosha kuomba kazi ya kushika mpira ili amalize mahari. Tumempita kama tulivyompita kila mtu.

Na msidhani mmepona. Nimewasimulia muda wote huu. Mnajua kijana anapanda gari gani, mnajua magari ni mangapi, mnajua Jumatano anakuwa na shilingi za kutosha. Nilipotaja Jumatano niliwaona, hata wewe mama wa kilemba cha bluu, ulikaa sawa. Nani ameniuliza jina lake? Hata mmoja! Na mimi sisemi. Siyo kwa sababu silijui.

Sisi tunamwambia Mungu kila siku kwamba anatujua kwa majina. Tunalipenda sana hilo, tunaliimba mpaka machozi. Hebu fikiri angekuwa anatujua kama sisi tunavyojuana. Unasimama mbele zake na anauliza, "Huyu yuko wapi? Yuko benki?"

Basi leo mkitoka hapo mlangoni, sitaki sadaka ya ziada, sitaki mnipongeze, ingawa mfano ulikuwa mkali na mnajua. Nataka kila mmoja amtafute mtu ambaye amekuwa akimwita kwa kazi yake: mlinzi, dada wa nyumbani, mtu wa mkaa, mzoa taka. Muulize jina. Akikuambia, lirudie vizuri ulisikie mdomoni mwako. Kisha nyamaza hapo. Lile swali la pili, la kipato, usiliulize.